Jumatatu Ilivyofuta Jumamosi

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema hivyo. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. La kwangu nimelikimbiza maisha yangu yote na bado lipo. Naogopa radi, naogopa ng'ombe wa pembe ndefu tangu utotoni kwetu Handeni, naogopa bahasha za serikali hata kabla sijazifungua. Lakini woga mkubwa kuliko wote ulinipata nikiwa nimekaa kwenye kiti, mchana kweupe, mbele ya kompyuta ya mtumba huko Manundu, mjini Korogwe. Ilikuwa miaka ile mashamba ya mkonge yanauzwa kwa watu binafsi na wafanyakazi wa maofisini wanapewa barua za kushukuriwa.

Mama mwenye duka alikuwa mmoja wa walioshukuriwa. Alikuwa amewapigia chapa mameneja wa mkonge mpaka vidole vikapinda. Akachukua kiinua mgongo chake, akaenda Dar es Salaam, akarudi na kompyuta, printa na hotuba ndefu kuhusu soko huria. Mashine ile ilikuwa imetumika nchi za nje, hakuna aliyejua ipi. Tuliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama tulivyofunika redio na makochi, na mimi nikaajiriwa kuigonga. Nilikuwa nimejifunza kazi kwa taipu, ambayo ukikosea, kosa lako unaliona pale pale kwenye karatasi likikutazama.

Kila asubuhi tukiiwasha, kabla haijaamka vizuri, ilileta maandishi ya kigeni tusiyoweza kuyasoma. Yalikaa kidogo, kisha yakaondoka yenyewe. Mama alisema ni salamu. Alikuwa na sheria moja tu: Jumamosi jioni, kabla ya kufunga duka, nifute kazi zote za wiki, kama ninavyofagia sakafu. Alisema kompyuta ikishiba inakuwa nzito. Nilimwamini, maana hata mimi ndivyo nilivyo.

Tulichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mitihani ya shule, na zaidi ya yote, mihtasari ya vikao vya ukoo. Mtu akifa na kuacha shamba na nyumba, ukoo wake hukaa, hutaja warithi, huchagua msimamizi wa mirathi, na yote hayo huandikwa kwenye karatasi. Kila mmoja hutia sahihi au dole gumba, kisha karatasi hupelekwa mahakama ya mwanzo. Jina lililomo limo. Lisilokuwemo litakuwa na kazi ya kujieleza mbele ya watu wasiolifahamu.

Alhamisi moja akaja mzee wa Kerenge aliyefiwa na mdogo wake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini, akanitajia kutoka kichwani: marehemu kaacha shamba la machungwa, nyumba mbili, mjane mmoja, na watoto wanne wakubwa wa mke wa kwanza, aliyetangulia zamani. Nikachapa alivyosema, kurasa mbili. Akaichukua rasimu akausikilizishe ukoo.

Ijumaa asubuhi nilifanya jambo dogo ambalo bado linanikosesha raha. Maandishi yale ya kigeni yalitokea, mimi nina haraka, nikagonga vitufe hovyo ili yaondoke. Kimoja kikaitika. Skrini ikawa nyeusi, mstari mweupe ukaanza kutambaa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Nikaenda kunywa chai na maandazi. Niliporudi mashine ilikuwa imeamka kama kawaida, kazi zangu zote zipo, na sikumwambia mtu.

Kesho yake jioni nikafuta kazi zote kama sheria ilivyotaka. Jumatatu nikazikuta zote zimerudi. Kadi ya harusi iliyokwisha kuchapwa na kugawiwa ilikuwepo. Mtihani wa darasa la sita ulikuwepo. Mama akanitazama kwa jicho la pembeni akasema sikufuta, nilikuwa na haraka ya kwenda kusukwa nywele. Nikaapa. Akasema viapo vyangu anavijua. Nikafuta tena, na moyoni nikabaki na kijiwasiwasi, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inakumbuka kufuta. Rasimu ya mzee peke yake safari hii sikuigusa, kazi yake ilikuwa haijaisha.

Jumamosi iliyofuata mzee akarudi na karatasi ya daftari. Ukoo ulikuwa umesikiliza rasimu na kugundua upungufu: mjane, ambaye ni mke mdogo kutoka Handeni, ana watoto wawili, msichana wa miaka kumi na mvulana wa sita, na hawakutajwa. Akaniambia niwaingize, tena niongeze sentensi kwamba nyumba anayokaa mjane ibaki kwake na wanawe. Nilichapa kwa furaha kidogo, nikiri, kwa kuwa ni watu wa kwetu. Jina la msichana lilikuwa la Kizigua hasa, la aina wanayopewa watoto wanaozaliwa baada ya mama kupoteza wengine. Nikahifadhi. Nikaiwasha printa, na hapo hapo umeme ukakatika. Ilikuwa zama za mgao, hatukushangaa. Mzee akasema atapita Jumatatu.

Jumatatu alifika kabla sijavua mtandio, na gari la Kerenge lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikafungua faili lile lile, jina lile lile, nikatazama ukurasa wa kwanza, uko sawa. Nikachapa. Ukurasa wa pili ulitoka umepinda, nikautupa kwenye sanduku la karatasi mbovu, nikachapa mwingine. Sikuusoma. Nimejieleza sababu nyingi tangu siku ile, honi, joto, mzee aliyesimama mlangoni, lakini ukweli ni kwamba sikuusoma.

Wiki ikapita. Nilisikia kwamba ukoo umetia sahihi na karatasi imekwenda mahakamani. Jumatatu nyingine akaja mteja wa ukoo mwingine, nami kama kawaida ya wapiga chapa nikafungua muhtasari wa mzee ili nitumie mpangilio wake. Nikafika ukurasa wa pili. Warithi: wanne.

Nilihesabu kwa kidole kwenye kioo. Wanne. Sentensi ya nyumba haikuwepo. Nikamwambia mteja arudi mchana. Nikainama kwenye sanduku la karatasi mbovu, ambazo tulikuwa tunaandikia orodha za sokoni upande wa nyuma, nikachambua moja moja mpaka nikaupata ule ukurasa uliopinda. Ulikuwa ndugu wa uleule uliokwenda Kerenge. Upande wa nyuma Mama alikuwa ameandika vitunguu, chumvi, mafuta ya taa. Upande wa mbele, wanne.

Nilikaa sakafuni nyuma ya meza nimeshika karatasi ile. Niliona mambo mawili kwa pamoja, na sijui lipi liliniogopesha zaidi. La kwanza, watoto wawili wa Handeni kutolewa kwenye nyumba ya baba yao na karatasi niliyoichapa mimi. La pili, mimi mwenyewe kizimbani, naulizwa nani alinihonga, na jibu langu ni kwamba kompyuta imesahau. Hata mimi nisingeliamini jibu hilo.

Nilijua nilichapa majina yale. Au nilidhani najua. Mtu akiogopa sana huanza kutoamini hata vidole vyake, na jioni ile niliwaza kwamba labda nilichapa kichwani tu, labda umeme ulikatika kabla sijahifadhi, labda kweli huwa nina haraka ya kwenda kusukwa. Karatasi ya daftari ya mzee ndiyo iliyoniokoa na wazimu. Niliikuta kwenye droo, na kando ya kila jina kulikuwa na alama ya vema ya kalamu yangu nyekundu. Mimi huweka vema baada ya kuchapa na kuhifadhi, kamwe si kabla.

Basi tatizo ni mashine. Lakini mashine haiitwi shahidi. Ilinibidi niikamate ikifanya.

Nikafungua faili jipya, nikaandika: leo Jumatatu. Jumanne asubuhi nikalitafuta. Lipo. Nikaongeza: leo Jumanne. Jumatano lipo. Nilizima kwa utaratibu, nikazima kwa kuchomoa waya, nikawasha mara tatu kwa siku, lipo tu. Mama akauliza kwa nini nimekuwa mtu wa kuwasha na kuzima kama mtoto aliyepata tochi. Nikasema najaribu swichi.

Wiki ile niliishi vibaya. Mahakama haikuwa mbali na duka, nikapita kusoma ubao wa matangazo. Tangazo lilikuwa limebandikwa: mwenye pingamizi juu ya mirathi ya marehemu fulani wa Kerenge afike kabla ya tarehe fulani. Tarehe ile haikuwa mbali. Alhamisi askari polisi akaingia dukani, nikasimama wima bila kuambiwa, nikasema shikamoo, naye alikuwa kijana mdogo kuliko mimi. Alikuja kuchapiwa barua ya kuomba likizo. Niliichapa ikiwa na makosa tisa.

Ijumaa lipo, Jumamosi lipo. Jumamosi jioni sikufuta kitu. Jumapili sikula.

Jumatatu niliwasha. Maandishi ya kigeni yakaja, yakakaa, yakaondoka. Faili langu halikuwepo. Kadi ya harusi ilikuwepo. Mtihani wa darasa la sita ulikuwepo. Muhtasari ulikuwepo, na warithi wanne.

Fundi wa Tanga aliyekuja siku chache baadaye ndiye aliyetueleza, nami naeleza hapa hapa ili asihangaike mwingine. Ndani ya mashine mlikuwa na kadi ndogo ya kijani. Wenye mashine wa kwanza, huenda chuo, waliiweka ili wanafunzi wasiharibu mambo. Kadi ile hupiga picha ya kila kilichomo, kisha kila Jumatatu ikiwashwa hutupa yote yaliyofanyika na kuirudisha mashine kama ilivyokuwa siku ya picha. Miezi yote tulipokuwa tunafuta Jumamosi, picha ilikuwa tupu, kwa hiyo hatukuona tofauti. Ijumaa ile ya maandazi, mimi kwa vidole vyangu nilipiga picha mpya. Kila Jumatatu baada ya hapo dunia ilirudi kwenye Ijumaa ile, siku ambayo watoto wawili walikuwa bado hawajatajwa.

Lakini Jumatatu ile sikuwa najua hayo. Nilijua tu kwamba inarudi nyuma, na kwamba ninaweza kuapa. Nikamweleza Mama kila kitu, na karatasi zangu mbili nikazipanga juu ya meza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga kwa muda mrefu mno. Kisha akasema tuchape upya muhtasari, tumpelekee mzee, tuseme mahakama inataka nakala safi. Watatia sahihi tena na hakuna atakayejua.

Nikamuuliza itakuwaje mtu akisoma akaona majina yameongezeka.

"Nani atasoma?" alisema Mama. "Hata wewe hukusoma."

Ilinichoma kwa sababu ilikuwa kweli. Aliniambia pia kwamba nikilisema jambo hili, Manundu nzima haitatuletea hata kadi ya mwaliko, na kwamba yeye keshashukuriwa mara moja na mara ya pili hataiweza. Sikumlaumu. Alikuwa anaogopa kama mimi, ila woga wake ulikuwa na sura nyingine. Nami sikwenda Kerenge kwa ujasiri. Watu wakinisifia hilo huwa nawakatiza. Nilikwenda kwa sababu nilihesabu siku zilizobaki kwenye lile tangazo, na kuzisubiri kuliniogopesha kuliko kwenda.

Nilipata lifti ya gari la mbao. Mzee nilimkuta uani kwa marehemu, anachambua maharage na wenzake wawili. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za mjini na za Mama mwenye duka, na mimi nikajibu nzuri, nzuri. Kisha nikasema. Nilisema vibaya, nikianzia mwisho, nikirudi mwanzo, nikitaja kufuta na Jumatatu na kadi ya harusi. Alipoelewa kwamba majina hayamo, ungo ulimponyoka.

Hasira yake ya kwanza ilikuja kwangu, na nilikuwa nimeitegemea. Aliuliza ni nani kati ya wale watoto wakubwa aliyenipa kitu. Nikampa karatasi ya daftari yenye vema nyekundu, na ule ukurasa uliopinda, na nikasema kama anataka kunipeleka polisi nimekuja na mtandio wa kujifunikia. Mmoja wa wenzake alijua kusoma. Akasoma zote mbili kwa sauti. Kisha msomaji huyo akakumbuka siku ya sahihi: yeye ndiye aliyesoma ukurasa wa kwanza mbele ya ukoo, jua likawa kali, watu wakasema si tulishausikia huu, tutie vidole twende. Karatasi ikazunguka uani. Mwisho ikapelekwa ndani kwa mjane, kwa kuwa yuko eda na hatoki mbele ya wanaume. Ikarudi, wakaifunga.

Mzee akasema kesho asubuhi na mapema tutakwenda mahakamani sote, na kwanza niingie ndani nikamweleze mjane mwenyewe, maana yeye haruhusiwi kuingia na hajui maneno ya mashine. Akavuta kigoda chake mpaka ukutani, chini ya dirisha la chumba kile, akakaa.

Ndani kulikuwa na kiza kidogo na harufu ya udi. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, kajifunika nguo nyeupe, mwanamke mdogo kuliko nilivyomfikiria. Nilipomsalimu aliisikia lafudhi, akaniuliza kwa Kizigua natoka upande gani wa Handeni. Nikamtajia kijiji. Akasema ana shangazi pale. Kwa muda kidogo sana niliacha kuogopa.

Nikamweleza. Nilianza kwa kumwambia asihofu, kwamba kuna karatasi alitia dole bila yeye kujua kilichoandikwa, na kosa ni la mashine.

"Sikutia dole," alisema. "Nilitia sahihi. Nimefika darasa la saba."

Nikamtazama. Akaendelea kwa sauti ile ile ya chini. Karatasi ililetwa na wifi yake, na kalamu. Akaisoma yote, kurasa mbili. Akatafuta majina ya wanawe, akarudia kutafuta, hakuyaona. Nje aliwasikia wanaume wakiongea kwa furaha, na yeye hawezi kutoka. Akadhani ndivyo ukoo ulivyoamua baada ya kutafakari, na kwamba wamemletea ili aone. Akatia sahihi. Kesho yake akawatumia ujumbe kaka zake Handeni waje wamchukue eda ikiisha. Kwenye kona, nyuma ya mlango, kulikuwa na mafurushi mawili yamefungwa kamba.

Nikasema kwa haraka kwamba haikuwa hivyo, kwamba ukoo uliwataja, nina karatasi, kesho yatarekebishwa, nyumba ni yake. Niliyasema yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza, na uso wake haukufunguka kama nilivyotaka ufunguke.

"Nimeshawaambia watoto," alisema. "Niliwaambia kwamba kwa baba yao hawamo. Sikutaka waje waambiwe na mtu mwingine njiani."

Akamwita msichana. Alikuja kutoka chumba cha pili, mwembamba, mikono ina unga wa mahindi. Mama yake akamwambia huyu dada ametoka mjini, ana maneno. Kisha akaniambia mimi: "Mwambie wewe."

Sijawahi kuogopa mtu kama nilivyomwogopa mtoto yule. Nilimwambia polepole. Kwamba mwanzo karatasi ilikuwa haina majina yao. Kwamba watu wakakaa, wakasema hapana, waandikwe, nami nikayaandika, jina lake na la mdogo wake. Kwamba mashine ikaichukua ile ya mwanzo ikairudisha mahali pa ile ya pili. Kwamba kesho itawekwa ile yenye majina, na mashine haitaigusa tena.

Alifikiri. Alikuwa na ile tabia ya watoto wa shule ya kukunja paji la uso wakipewa hesabu.

"Sasa hiyo ya kwanza," aliuliza, "isiyokuwa na sisi, mashine ndiyo iliitunga?"

Nikasema hapana, mashine haitungi, inarudisha tu kilichokuwepo.

"Nani aliisema?"

Mjane aliangalia mkeka. Nje, chini ya dirisha, kigoda kililia, na sauti ya mzee ikaja ndani, karibu sana, kama vile alikuwa ameegemeza kichwa ukutani muda wote.

"Ni mimi, mwanangu. Nilisahau."

Msichana aligeuka akalitazama dirisha.

"Wote wawili, baba mkubwa?"

Nilisikia kuku wakidonoa maharage aliyoyamwaga mzee uani, na hakuna aliyewafukuza.

"Wote wawili," alisema.